Mguu wa Mwenye Shamba

Mguu ule niliukuta umening'inia kwenye msumari wa mlango wa jiko, mahali ninapotundika ungo. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa saba, baridi ile ya Njombe inayomfanya mtu avae sweta mbili na bado ajikunyate. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilitoka na ndoo mkononi, nikapiga hatua mbili, nikakutana uso kwa uso na paja la nyuma la pongo, limechunwa vizuri, limefungwa kwa kamba ya gome la mti. Pongo, kwa wasiomjua, ni swala wa vichakani, mwenye madoa meupe ubavuni, anayependa kukaa karibu na watu kuliko inavyomfaa.

Sitadanganya. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa njaa. Cha pili kilikuwa furaha. Hasira, ambayo wanaonijua wangetarajia itangulie, ilikuja ya tatu, tena kwa kuchelewa sana.

Inabidi nieleze hasira hiyo ilikuwa imetoka wapi. Nilifundisha shule ya msingi Makambako mpaka nikastaafu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa Uraia. Haki na wajibu, sheria ndogo za kijiji, mihimili ya dola, yote nilikuwa nayo kichwani, na watoto walikuwa nayo kichwani kwa sababu walijua kisichokuwa kichwani kingetafutwa kwenye viganja vyao. Mpaka leo wapo wanaume wazima ambao nikitokea stendi ya Makambako wanaficha sigara. Nilipostaafu nikarudi kwenye shamba la baba, mgongoni mwa kilima, upande wa barabara ya kwenda Njombe. Baba alikuwa amefariki siku nyingi. Shamba nilikuwa nimelipanda misindano, miti ya mbao, kwa simu, kama tulivyo watumishi wengi: unatoa maelekezo, watu wanapanda, wewe unakuja Krismasi kuangalia miti imefika wapi. Sasa nilikuja kukaa. Nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na kwenye mteremko wa chini nikapanda miparachichi.

Wiki ya kwanza niligundua mambo mawili. La kwanza, kulikuwa na njia inayokata shamba langu katikati, kutoka barabarani hadi bondeni, na watu walipita na majembe yao na vikapu vyao wakinisalimia kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kwao. La pili, kwenye vichaka vya pembeni kulikuwa na mitego. Vitanzi vya waya wa breki wa baiskeli, vimefungwa kwenye vigogo, usawa wa kifundo cha mguu.

Nilipandwa na mori. Nikaenda Makambako kununua rangi nyekundu na ubao, nikaandika kwa mkono wangu, ule mwandiko wa ubaoni ambao haujawahi kuniangusha:

SHAMBA HILI LINA MWENYEWE.
HAKUNA KUPITA.
HAKUNA KUWINDA.

Nikakisimamisha kibao pale njia inapoingilia, nikaiziba njia kwa nguzo na matawi ya miiba. Kisha nikaandika barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Ukurasa mmoja na nusu, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Niliandika kwamba watu wasiojulikana wanaingia shambani kwangu bila idhini na kuua wanyama wangu. Neno "wangu" nililiandika bila hata kulifikiria.

Miezi minne ikapita, hakuna jibu. Halafu Jumanne ile, mguu.

Sasa, kwetu, enzi za baba, mtu aliyeua mnyama kwenye ardhi ya mwenzake alikuwa na deni la heshima. Hakupiga hodi, hakuomba ruhusa. Alileta mguu mmoja wa nyuma, akautundika mlangoni asubuhi kabla watu hawajaamka, akaenda zake. Mguu ulisema: nimeingia kwako, najua ni kwako, na wewe kula. Mtu asiyeleta mguu ndiye aliyekuwa mwizi. Nakumbuka baba akitoka nje, akiukuta, akitazama fundo na kusema nani ameuleta bila kuulizwa, kisha akimwita mama kwa sauti ya mtu ambaye siku yake imeanza vizuri. Baba alikuwa mtu wa misa kila Jumapili na hakuwahi kuona dhambi yoyote pale.

Na mimi fundo nililijua. Ni fundo la kuzungusha mara mbili na kuchomeka ncha ndani, na kila Jumamosi nilikuwa nikilifungua jikoni kwangu, kwa sababu jirani yangu wa bondeni, anayeniuzia mboga za chainizi na njegere, ndivyo anavyofunga mafungu yake. Nilijua ni yeye kabla sijaushusha mguu.

Mtu wa Uraia angefanya nini? Najua angefanya nini. Lakini nilikuwa nimekaa pale miezi mitano, wanawake wananijibu salamu kwa nusu mdomo, hakuna aliyenialika hata kwenye kipaimara cha mtoto, na mtu mmoja alikuwa ametoka kwenye baridi kunitundikia fungu la baba yangu. Niliushusha mguu, nikaukata, nikauweka chunguni na kitunguu na nyanya, nikakoka moto. Nilikuwa naimba. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilikuwa naimba.

Saa nne, pikipiki mbili zikaingia uani.

Wa kwanza alikuwa mtendaji wa kijiji, mtu mnene mcheshi aliyekulia palepale. Wa pili alikuwa kijana mrefu aliyevaa sare ya kijani, na mkononi ameshika barua yangu. Afisa wanyamapori alikuwa amekuja.

Niliwakaribisha sebuleni. Jiko langu liko nje, hatua kumi kutoka mlangoni, na siku ile upepo ulikuwa unatoka jikoni kuja sebuleni.

"Mama, barua yako nimeisoma," alisema afisa. "Umeandika vizuri. Ila kuna mahali umekosea."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimekosea barua. Nikamwomba anioneshe.

"Hapa. Umeandika 'wanyama wangu.' Hawa si wako, mama. Mnyama wa porini ni mali ya Serikali, hata akizaa chini ya kitanda chako. Ardhi ni yako, miti ni yako, parachichi ni zako. Mtu akiingia bila ruhusa amekukosea wewe. Lakini akiua pongo, ameikosea Serikali. Hata wewe mwenyewe huwezi kumwinda humu bila kibali, wala huwezi kumruhusu mtu."

"Na mtu akipewa nyama?" niliuliza, kwa ile sauti niliyozoea kuulizia maswali ambayo majibu yake ninayo. Safari hii sikuwa nayo.

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Kwa mfano."

"Kukutwa nayo ni kosa, hata kipande. Hiyo ni nyara ya Serikali. Watu wanafungwa miaka mingi kwa nyama ya sufuria moja, na wengi wanalia mahakamani kwamba walipewa tu."

Miaka yote ile nilifundisha sheria, na lile sikulijua. Nilidhani ukiwa na hati ya ardhi una kila kilichomo ndani ya mipaka, kama vile kuku walivyo wako wakiwa bandani kwako. Na jirani yangu alidhani ukiwa umelipa mguu huna kosa. Sisi wawili tulikuwa tumekosea sawasawa, ila mwenye kifungo angekuwa yeye kwanza.

Mtendaji alivuta hewa puani. "Mwalimu, leo tumefika siku nzuri. Nasikia harufu."

"Mbuzi," nilisema.

"Basi mbuzi tunamsubiri."

Niliinuka nikaenda jikoni. Nikavuta kuni zote kwenye mafiga, nikazimwagia maji. Nikarudi na chai na viazi vya kuchemsha. "Mbuzi mzee," nikawaambia. "Labda jioni." Mtendaji alinitazama, akatazama jikoni, akachukua kiazi. Aliwahi kula miguu mingi ya pongo utotoni kwake na sidhani kama nilimdanganya hata kwa dakika moja.

Niliwapeleka kwenye mitego niliyoijua. Ilikuwa mitatu. Afisa aliing'oa, akaipiga picha, akaiweka kwenye begi. Akachuchumaa akitazama vichaka.

"Iko mingine," alisema. "Hii ni safu. Aliyetega atarudi kuikagua. Ijumaa alfajiri nakuja na askari wawili, tunajificha hapa hapa, tunamchukua akiwa na mnyama mkononi. Usimwambie mtu, mama. Wewe ndiye mlalamikaji wetu."

Pikipiki zikaondoka. Nyama niliizika nyuma ya choo, chungu kizima, na mwiko wake. Sikuonja hata mchuzi.

Nilikaa siku ile nzima na mambo mawili yanagombana kifuani. Sheria ilikuwa sahihi, hilo nilikuwa nalo hakika; pongo hawajabaki wengi, na waya wa breki hauchagui mama wala mtoto. Lakini mtu yule angechukuliwa kwa sababu ya barua yangu, na ushahidi wa kwanza dhidi yake ulikuwa adabu aliyonionesha. Asingeleta mguu, nisingemjua. Nilifikiri nikiwa mama mzima mwenye pensheni nitalala tu na dhamiri safi. Sikulala vizuri hata kidogo.

Jumatano asubuhi niliteremka bondeni. Ilibidi nipite kwenye miiba yangu mwenyewe, ikanichana kanga.

Bondeni huko ndiko kuna vinyungu, bustani za kwenye majimaji ambazo watu wetu wanalima kiangazi, mlima wote unapokuwa umekauka. Nilimkuta jirani yangu amesimama katikati ya njegere, jembe begani. Ni mwanamume mwembamba, amenizidi miaka miwili mitatu, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwa kali.

"Kamwene, dada," alinisalimia. "Umeona mzigo?"

"Nimeuona. Kaka, umeniletea jela mlangoni."

Alidhani natania. Nilipomweleza yote, barua, afisa, Ijumaa, alishusha jembe taratibu, akaliegemea. Nilitegemea aogope. Kilichoonekana usoni kwake kilikuwa ni kuumia.

"Ningekula peke yangu ndiyo ningekuwa mwizi," alisema. "Miaka yote shamba lile halikuwa na mtu. Nyama ya shamba lisilo na mtu ni ya aliyetega. Halafu ukaweka kibao. Nikasoma, shamba hili lina mwenyewe. Nikamwambia mama watoto, binti wa mzee amerudi kweli, sasa mguu una pa kwenda."

"Kibao kinasema hakuna kuwinda."

"Hicho nilisoma pia. Nikajua umekasirika. Mtu akikasirika ndiyo unampelekea."

Maandishi yangu mekundu, niliyodhani yanafunga mlango, kwake yalikuwa yamefungua.

"Na kwa nini unatega?" nikamuuliza. "Njaa?"

Akanioneshea njegere. Nusu ya matuta yalikuwa yamekatwa juu, shina tupu, kama yaliyopitiwa na mkasi. "Hawa wanaolala kwenye misindano yako. Wanashuka alfajiri. Njegere hizi ndizo napeleka Makambako. Nikiacha, sivuni. Zamani tulikuwa tunalinda kwa zamu, majirani wote, tunapokezana kupitia shambani kwako. Ulipoziba njia, watu wa upande ule wanazunguka barabarani. Mama watoto na goti lake ameacha kabisa kuja." Akasema kwa upole, ambao ulinichoma kuliko angenifokea: "Huyo afisa anasema ni wa Serikali. Sawa. Basi Serikali inakula njegere zangu, na yenyewe ilete mguu."

Nilicheka. Na yeye akacheka. Tukacheka pale bondeni watu wazima wawili, mmoja akikabiliwa na kifungo na mwingine akiwa amemtafutia, mpaka nikafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mitego mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi na moja. Wamechukua mitatu."

"Kesho tunatoa minane."

"Ni mitego yangu. Natoa mwenyewe."

"Ni shamba langu. Nakuja."

Alhamisi tukaanza jua likiwa limeshachomoza vizuri. Nilichukua mkasi wa kupogolea miparachichi, kwa ajili ya kukatia waya. Sikuwahi kulijua shamba lile. Nililijua kwa mipaka, kwa hati, kwa idadi ya mistari ya miti. Yeye alilijua kwa miguu. Alinionesha chemchemi ndogo niliyokuwa sijawahi kuiona, karibu kabisa na nyumba yangu. Alinionesha mahali pongo wanapojikuna kwenye magome, na njia zao, nyembamba, zimelainika kwa kwato. Kwenye kila njia kulikuwa na kitanzi chake. Alikifungua kwa vidole viwili, akaukunja waya, akanipa. Nilikuwa nimembebea mitego saba mkononi tulipousikia wa nane.

Kwanza ni majani kupigwapigwa. Halafu sauti, fupi, ya chini. Alikuwa jike, bado mdogo, amenaswa mguu wa nyuma juu ya kwato, amezunguka kigogo mpaka waya umeisha, na ngozi pale ilikuwa imechubuka nyekundu. Alipotuona akajirusha, akaanguka, akajirusha tena.

Jirani yangu alikuwa na kisu kiunoni. Nataka kuwa mkweli kwamba hata mimi, kwa sekunde moja, nilikumbuka harufu ya chungu changu. Alisimama akimwangalia yule mnyama, na niliona njegere zote alizopoteza zinapita machoni pake, na Ijumaa pia, na watoto wake watatu walioko sekondari. Kisha akavua koti. Ni koti la mitumba, zito, la kiume. Akamrukia, akamfunika kichwa, akamlalia kwa kifua.

"Kata," alisema.

Niliingiza mkasi. Waya wa breki ni mgumu, na mikono yangu ni ya chaki. Ukateleza mara mbili.

"Kata, dada. Ukichelewa nitabadili mawazo."

Nilikata. Akavuta koti, na yule jike akabaki amelala hivyohivyo, kama hajaamini. Halafu akainuka na kuondoka akichechemea, mguu mmoja ukigusa ardhi na kuinuka, mpaka misindano ikamficha. Jirani yangu alikaa chini na kutazama koti lake. Mfuko ulikuwa umechanika wote.

"Ile ni nyama inayoondoka," alisema. "Sijawahi kufanya hivyo tangu nizaliwe."

Nilimwambia koti nitalishona. Nikalikunja kwapani nikatangulia njia, maana nilikuwa karibu kulia na sipendi kulia mbele ya watu.

Ijumaa nilimwambia abaki kwake. Nilisimama mwenyewe kwenye kibao, alfajiri, na waya nane mkononi, meno yakigongana kwa baridi. Afisa alikuja na askari wawili, na mtendaji nyuma yao. Walishangaa kunikuta, na afisa hakupendezwa.

"Mama, tulikubaliana nini?"

Kabla sijajibu nilisikia hatua nyuma yangu. Jirani yangu alikuwa amepanda kutoka bondeni, akapita kwenye miiba, akaja kusimama kando yangu na kofia yake mkononi. Ndiyo siku pekee niliyomwona kichwa wazi. Nilitamani nimpige.

Afisa alitazama waya, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Nani ameitoa hii?"

"Mimi," alisema jirani yangu. "Jana, pamoja na mwalimu. Na aliyeitega ni—"

"Nimeuliza nani ameitoa," alisema afisa.

Askari mmoja alianza kukagua soli ya kiatu chake. Mtendaji alikohoa. Nilimwona yule kijana, ambaye labda alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akifikiri. Alikuwa na sheria begani kwake na mtu mzima mwenye mvi mbele yake, na nilijua hasa uzito ule, kwa sababu nilikuwa nimeubeba tangu Jumanne.

"Tulimwachia mmoja akiwa hai," nilisema. "Jike. Damu yake bado ipo kwenye kigogo, naweza kukuonesha. Barua yangu ilikuwa na makosa zaidi ya lile uliloliona. Niliandika watu wasiojulikana. Walikuwa wanajulikana. Ni mimi niliyekuwa siwajui."

Alitaka kukiona kigogo. Tukaenda, sote sita, kwa mstari. Alichuchumaa, akagusa magome, akaona manyoya kwenye waya uliokatika na nyayo zinazoondoka, moja ikiwa hafifu kuliko nyingine. Alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka alitoa daftari, akaandika, na akanisomea mwenyewe: mitego imeondolewa yote, mnyama mmoja ameachiwa, mwenye shamba na majirani wamepewa elimu.

Kisha akamgeukia jirani yangu, na uso haukuwa wa mzaha. "Mzee, lile swali lingine sijaliuliza. Nikikuta waya mmoja humu, nitaliuliza, na hapo hutanijibu mimi, utajibu mahakamani. Wanyama wakila mazao yako, njoo ofisi ya kijiji, andikisha, nitakuja kuona. Kulinda shamba si kosa. Kufukuza si kosa. Kitanzi ni kosa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu," alisema jirani yangu, na akavaa kofia.

Tukawasindikiza hadi kwenye pikipiki. Afisa alipokuwa akivaa helmeti aliniuliza, bila kunitazama: "Yule mbuzi aliiva, mama?"

"Nilimzika."

"Ulifanya vizuri," alisema, akawasha pikipiki. Mtendaji alicheka njia nzima mpaka barabarani, tulimsikia.

Siku ileile nilichukua rangi iliyobaki. Hakukuwa na haja ya kibao kipya. Mstari wa juu niliuacha, maana ni kweli shamba lina mwenyewe. Mstari wa chini niliuacha pia, na kuukolezea. Ule wa katikati nilioandika HAKUNA KUPITA niliufuta kwa rangi mpaka haukusomeka. Nguzo na miiba nikaziondoa, nikachoma. Nilikuwa nimeyafunga pamoja mambo mawili ambayo hayakuwa jambo moja, na watu waliotaka kupita tu nikawaweka kundi moja na mwenye waya. Jumamosi mke wa jirani yangu alipita na goti lake, taratibu, fimbo mkononi. Alisimama kwenye kibao akasoma. Akasema rangi nyekundu haipendezi, ningetafuta bluu. Ndivyo nilivyojua kwamba nimesamehewa.

Sasa zamu za kulinda zimerudi. Alfajiri nasikia madebe yakigongwa bondeni, na siku yangu ikifika nagonga la kwangu, kwa ustadi wa mtu aliyepiga kengele ya shule maisha yake yote. Zipo njegere zinazoliwa. Hazijaisha kuliwa. Afisa alikuja mara mbili kuangalia, akatufundisha kuzungusha kamba yenye vitambaa na pilipili, na inasaidia kidogo, si sana.

Lakini jirani yangu jambo moja lilimsumbua. Aliniambia waziwazi: sasa mwenye shamba atapewa nini? Anapita kwangu kila siku, na mikono mitupu. Haikumkalia sawa. Na mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeanza kuliona deni kwa upande wa pili, kwamba wanyama wanalala kwangu na kula kwake. Hatukupatana lolote kwa maneno. Asubuhi moja nilitoka na ndoo nikakuta fungu la njegere kwenye msumari wa mlango wa jiko, fundo lile lile. Parachichi zangu za kwanza zilipokomaa, nilishuka bondeni mapema nikamtundikia mfuko mlangoni kwake, nikaondoka bila kupiga hodi. Nilijihisi nina miaka kumi.

Juzi ilikuwa zamu yangu na yake. Ukungu ulikuwa unainuka, tukamwona kwenye matuta ya mwisho, yule jike. Nilimtambua kwa mguu wa nyuma, bado anauvuta kidogo, na nyuma yake alikuwa na mtoto, mdogo kabisa, masikio makubwa kuliko uso. Walikuwa wanakula njegere bila wasiwasi wowote. Jirani yangu aliinama, akaokota bonge la udongo, akalirusha. Likaanguka mbali, upande wa kushoto. Akaokota lingine, likaanguka kulia. Wale wawili wakainua vichwa, wakatutazama, wakaendelea kula.

"Macho yamezeeka," alisema.

Nilikubali kwamba yamezeeka. Mtu huyu aliweza kuweka kitanzi chembamba kuliko kidole mahali hasa kwato itakapokanyaga, na sasa alikuwa anashindwa kumpata pongo kwa bonge la udongo, hatua ishirini. Akaokota la tatu, akalipima mkononi, akalirusha kushoto zaidi.